Je, Kazi ya Kocha ni Kuuliza Tu?

Ukizungumza na watu waliopitia mikononi mwa makocha wa maisha na wa kazi hapa Nairobi, utasikia kauli mbili zinazopingana. Mmoja atakwambia kwamba swali moja aliloulizwa katika afisi fulani ya Westlands lilimfungua macho kuliko mashauri yote aliyowahi kupewa. Mwingine atalalamika kwamba alilipa pesa zake, akaketi saa nzima, na kila alipoomba mwongozo akarudishiwa swali: "Wewe unaonaje?" Naamini wote wawili wanasema kweli, na tunawakosea wateja tunapodai kwamba huyu wa pili hakuelewa tu kazi ya kocha.

Kanuni kwamba kocha haelekezi bali huuliza haikuzuka hivi hivi. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi nchini Marekani, aliona miaka ya 1970 kwamba mchezaji hujirekebisha haraka zaidi akiulizwa anauonaje mpira kuliko akikaripiwa jinsi anavyoshika raketi. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, akaupeleka mtazamo huo makazini. Mfululizo wa maswali alioueneza bado hufundishwa makocha wapya: lengo lako ni lipi, hali ikoje sasa, njia zilizopo ni zipi, na utafanya nini.

Maswali hufaulu kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chukua mfano wa mama mwenye duka la nafaka Umoja, anayemwambia kocha kwamba biashara imedorora. Kocha angeweza kumshauri kuhusu bei na wateja wa kukopa, na kila neno likawa sahihi. Badala yake anamuuliza, "Mama, katika haya yote, ni lipi ambalo hujamwambia mtu?" Kisha ananyamaza. Hapa ndipo makocha wengi huteleza: kimya kikizidi kidogo wanaingiwa na hofu, wanaongeza swali la pili, na lile la kwanza linapotea. Huyu anasubiri. Mama anakunja risiti aliyoishika, anaikunjua, halafu anasema, "Mzee hajui nilichukua mkopo wa Sacco." Kumbe faida ya kila mwezi inalipa deni la siri, na haagizi magunia zaidi kwa kuogopa kuulizwa pesa zinakwenda wapi. Ushauri wa bei usingeligusa hilo hata kwa mbali.

Kuna swali jingine ninalolipenda mno, kutoka kwa wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick, ambao mbinu yao ilianzia kwa watu waliotaka kupunguza ulevi. Unamuuliza mtu: kutoka 0 hadi 10, badiliko hili lina umuhimu gani kwako? Akisema 4, usimuulize mbona si 9, maana ataanza kujitetea. Muulize mbona amesema 4 na si 1. Hapo anaanza kutaja mwenyewe sababu zake za kutaka kusonga mbele, na sababu aliyoitoa kinywani mwake humshika kuliko hotuba yako.

Sasa chukua kijana anayechuuza nguo Barabara ya Tom Mboya, ambaye askari wa kaunti wamembebea bidhaa zake kwa mara ya pili, umlete mbele ya kocha. Aulizwe, "Ni nini ndani yako kinachokuzuia kukua?" Hakuna cha ndani. Anachohitaji ni kujua anaruhusiwa kuuza wapi, kibali kinapatikanaje, na mtaji wa kuanza upya ataupata kwa nani. Swali kama hilo linamfundisha kujilaumu kwa jambo asilolitenda. Hili linaniuma, kwa sababu katika jiji ambalo kodi ya nyumba na uhaba wa kazi humkaba mtu kooni, mazoea ya kuuliza tu hugeuza shida ya mfuko kuwa shida ya moyo, na mteja anaondoka na mizigo miwili.

Cheo nacho hubadilisha swali. Meneja aliyetoka kwenye mafunzo ya ukocha akimuuliza mfanyakazi wake, "Unadhani ungefanya nini tofauti?", mfanyakazi anatafuta usoni mwa bosi jibu linalotakiwa. Huo ni mtihani, hata ukiulizwa kwa upole. Wengine hudai kwamba maswali hayatufai kwa kuwa tumelelewa kuelekezwa na wakubwa wetu. Siafiki sana. Wazee wanaosuluhisha ugomvi huuliza mengi kabla ya kutoa neno. Tofauti ni kwamba mwishowe neno wanalitoa.

Hata shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka wa 1995, lilikuwa limeyapa maswali mazito nafasi yao peke yao kati ya stadi 11 za kocha. Katika mwongozo wa 2019 stadi zikawa 8, na maswali hayo yakatajwa pamoja na ukimya na mifano kama njia za kumwamsha mteja. Nauona huo kuwa mpangilio wa busara zaidi.

Wanaotetea maswali matupu wanahofia kwamba ukimshauri mteja leo, kesho atarudi kutafuniwa tena. Hofu hiyo ina msingi. Nimeona watu wasioweza kutuma maombi ya kazi bila kumpigia kocha. Lakini Miller na Rollnick wana njia ya kati: omba ruhusa, toa habari, kisha uliza. "Najua kidogo kuhusu vibali vya kaunti. Nikueleze?" Kijana akikubali, mweleze kwa ufupi, halafu: "Kwa haya uliyosikia, unaona pa kuanzia ni wapi?" Sasa ana kitu cha kulijibia. Na kama kocha hajui lolote kuhusu vibali, aseme hivyo mapema, amwelekeze kwa anayejua, na asimtoze saa iliyobaki.