Kupeana mikono ofisini hakumalizi uonevu

Utaratibu huu umezoeleka katika shule nyingi za Mombasa, ziwe za serikali au za binafsi. Mtoto akilalamika kwamba anaonewa, huitwa ofisini pamoja na anayemwonea, wakasimamishwa mbele ya meza, wakaambiwa waombane radhi na wapeane mikono, kisha warudi darasani. Mzazi anashukuru, anapanda tuktuk anakwenda zake.

Mimi naona hapo ndipo mambo huharibika. Ugomvi wa watoto wanaotoshana nguvu unaweza kuisha kwa kupeana mikono. Uonevu ni mwenye nguvu kumwandama asiye nazo, leo, kesho na keshokutwa. Mbele ya mwalimu mkuu mtoto wako atasema "tulikuwa tunacheza tu", maana anajua wakati wa mapumziko mwalimu mkuu hayupo nyuma ya vyoo. Na mwenzake atatoka pale ameshajua nani kamsemea. Omba wahojiwe mbalimbali, na mwalimu aanze na watoto wengine waliokuwepo, ili wako asionekane ndiye mleta habari.

Kabla ya hapo, nunua daftari. "Mwanangu anaonewa" hakumpi mwalimu pa kuanzia. "Jumanne, mapumziko ya asubuhi, foleni ya bomba la maji, kanyang'anywa shilingi 30, fulani na fulani wakiona, Alhamisi tena, pale pale" kunamwonyesha mwalimu wa zamu mahali pa kusimama. Andika jioni ile ile, kwa maneno ya mtoto. Alama za kipigo zipige picha siku hiyo hiyo, na shati lililochanika usilishone kwanza.

Namna ya kuuliza nayo ina kazi. Ukianza na "kwa nini hukumrudishia?" umemfunga mdomo. Uliza wapi, wakati gani, nani alikuwepo. Kuna dalili ambazo wazazi wengi huzipita: mtoto anayerudi nyumbani akikimbilia msalani kila siku huenda anaogopa vyoo vya shule, anayeomba nyongeza ya pesa za viazi karai na bado anarudi na njaa huenda pesa zinaliwa na mwingine.

Anza kwa mwalimu wa darasa, lakini si langoni asubuhi wakati darasa zima linamngoja. Omba miadi, kisha taka mambo matatu: nani atasimamia mahali palipotajwa, mtoto atakaa wapi darasani, na siku gani mtakutana tena. Siku tano za shule zinatosha. Zikipita bila jibu, andika barua kwa mwalimu mkuu, nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri, muhula ujao utaambiwa hukuwahi kulalamika. Unaweza kutaja kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kinachokataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, mwilini au kiakili. Pasipobadilika kitu, barua hiyo hiyo iende kwa bodi ya usimamizi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, iwe Mvita, Kisauni, Likoni au nyingine.

Akiwa mwonevu ni mwalimu, usizunguke. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na mwalimu aliyeajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, hushtakiwa huko.

Wapo watakaokushauri mtoto naye apige. Mara nyingi mwonevu hayuko peke yake, na atakayeonekana na mwalimu ni yule aliyerudisha ngumi. Kibaya zaidi ni kwenda kugonga mlango wa wazazi wa mwenzake: mnaishi mtaa mmoja, na jambo la darasani litageuka vita vya koo mbili. Ukimzaba kofi mtoto wa watu, kesi sasa ni yako.

Matusi yakiwa kwenye simu, usijibu na usifute. Piga picha ya skrini inayoonyesha nambari na tarehe, ndipo umzuie.

Mtoto akiumizwa, ngazi hizo zote ziruke. Nenda hospitali, kisha kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Kama ameingiliwa kimwili, asioge, nguo alizovaa zihifadhiwe, na afike hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifai kitu muda huo ukipita. Nambari 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure, usiku na mchana, na ofisa wa watoto wa kaunti ndogo naye ahusishwe. Lakini usitarajie mtoto mwenzake atiwe ndani: kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Unachotafuta huko ni ulinzi wa wako.

Kuhamisha shule si kushindwa, ila kufanywe mwisho wa muhula, nafasi mpya ikiwa mkononi na shule ya zamani imeshamwachilia kwenye mfumo wa wizara. Ukiwa na haraka ukamtoa kabla, atakaa nyumbani wiki kadhaa akiamini yeye ndiye aliyefukuzwa. Halafu angalia njia anazopita. Kama yeye na anayemwonea bado wanapanda matatu moja asubuhi na kukaa jamvi moja madrasa alasiri, umehamisha sare tu, na ustadhi naye anahitaji kuonyeshwa lile daftari.