Mzee, Randa na Vanishi Iliyogoma Kukauka

Kabla hamjaniuliza tena: mzee hakupelekwa hospitali, na mkono wake haukubanduliwa kwa petroli. Hayo mawili kayaongeza swahiba wangu, yuleyule aliyesimama anarekodi badala ya kunisaidia. Mengine aliyowasimulia yana ukweli ndani yake, ila kayapanga kwa chuki, kwa hiyo acheni niyapange mwenyewe.

Mzee wa karakana yetu ana randa ya chuma, kile kifaa cha kulainishia mbao, Stanley namba 5, ile ndefu ya inchi 14. Nyuma ya kipande kinachobeba bledi zimetokeza tarehe tatu za hataza, mbili za 1902 na moja ya Aprili 1910. Wengi wetu hata tukijumlishwa umri wawili wawili hatuifikii. Hakuna anayeigusa. Sasa juzi kanikabidhi mimi, kasema: "Kijana, ninolee hii."

Ninolee. Hakuongeza neno. Mimi nikasikia "nifufulie".

(Nyinyi mnaotazama video za kufufua randa usiku wa manane, jamaa haongei, kutu inatoka, chuma kinameta, mnanielewa. Wengine vumilieni.)

Niliifungua yote. Nati ya shaba inayopandisha na kushusha bledi ilinigomea, nikaipa nguvu, ikagoma zaidi, nikaipa koleo. Kumbe meno ya nati hiyo yamekatwa kushoto: unadhani unafungua, kumbe unakaza. Alama za koleo bado zipo, mtaziona kwenye video. Chuma nikakitumbukiza kwenye siki. Siki inakula kutu vizuri mno, shida ni kwamba kutu ikiisha haiinuki mezani, inaendelea na chuma chenyewe. Nami nikasinzia. Kulipokucha randa ilikuwa imepauka, ya kijivu kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba, na nilipoisuuza tu, kutu mpya ikaanza kuota huku naiangalia. Nikaiosha kwa magadi kuua asidi, nikaikausha, nikaipaka mafuta, kisha nikatandika msasa juu ya kioo nikasugua mpaka uso wa chini ukanyooka.

Hapo sina aibu hata kidogo. Kutu ni kutu. Wapo wanaolia ukiigusa, eti unafuta historia. Historia gani inayokwaruza mbao? Na bledi niliinoa hadi ikaninyoa vinyweleo vya mkono, jambo ambalo swahiba kasahau kuwaambia.

Tatizo ni mpini.

Mpini wa nyuma ni wa mbao ngumu, nyekundu iliyokaribia weusi. Ubavuni ulikuwa na bonde, upande mmoja tu. Nilipoangalia picha za randa hizo zikiwa mpya, bonde hakuna. Nikauonea huruma. Nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikalijaza, nikapiga msasa mpaka umbo la kiwandani likarudi. Juu yake nikapaka vanishi ya mafuta. Nikarudia. Nikarudia tena, maana ilikuwa inapendeza.

Ningeiacha mezani kimyakimya yangeisha. Lakini mimi nikasubiri siku ambayo wateja wapo na mafundi wote wapo, nikaifunika kwa kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Nilitaka kuizindua.

Sasa twendeni taratibu, maana hapa ndipo swahiba anaporuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nafunua. Randa inawaka. Mafundi wanasema "aaah". Mzee anaitazama. Anatazama pembeni yake. Anakiokota kitambaa, anaangalia chini yake. Halafu ananiuliza kwa upole kabisa, ule wa mtu asiyetaka kukufedhehesha mbele za watu: "Nzuri sana hiyo. Na yangu iko wapi?"

Nilicheka. Peke yangu.

"Ndiyo hiyo, mzee."

Anasogea. Anainama, anasoma tarehe moja moja. Anaiweka juu ya ubao, anaushika mpini, na naona kidole gumba chake kinatafuta kitu. Kinakwenda ubavuni, kinarudi, kinakwenda tena. Kinatafuta bonde. Lile bonde kumbe alilichonga mwenyewe kwa tupa enzi hizo, kwa sababu kidole hicho hakikunjiki tangu kilipokutana na msumeno.

Ngojeni kwanza. Kidole hakikunjiki. Mimi muda wote huo, kila nikimwonyesha kazi yangu naona dole limesimama, narudi nyumbani kichwa kimevimba kwa sifa.

Tuendelee. Mzee anasukuma. Randa inakwenda! Maranda yanatoka membamba, marefu, ukiyainua mwanga unapita. Roho ikanitulia. Anafika mwisho wa ubao, analegeza mkono ajipange upya. Mkono haulegei. Anainua mkono, randa inainuka nao. Anautikisa. Randa inatikisika.

Mbao za aina ile zina mafuta yake ya asili, na mafuta hayo huzuia vanishi ya mafuta kukauka. Ilitakiwa nitangulize shelaki, mpako wa kuyaziba mafuta hayo. Sikutanguliza. Juu ilikuwa imeshika ngozi, chini mbichi, na joto la kiganja cha mzee likamaliza kazi.

Sasa kuna zaidi ya kilo mbili za chuma cha kusubu zinaning'inia hewani. Chuma hicho kikianguka sakafuni hakipindi, kinapasuka, na kila fundi mle ndani anajua. Basi wakajipanga chini ya mkono wa mzee, viganja wazi, magoti yamekunjwa. Mzee akigeuka kulia, kundi lote linakwenda kulia. Akigeuka kushoto, kundi linarudi. Mimi nikaukinga mkono wake kwa kitambaa. Kitambaa nacho kikanasa. Maranda yakanasa kwenye kitambaa. Mteja mmoja akauliza kama ndivyo tunavyofanya siku zote.

"Mzee," nikamwambia, "usivute."

Akavuta.

Sauti ile sitaisahau. Chwaaaaaa, ndefu, ya kinyonge. Mafundi wakaidaka randa. Kiganjani kwa mzee vikabaki vanishi, kitambaa, maranda, na juu ya yote hayo gundi yangu ya unga wa mbao, imebanduka kipande kizima kwa umbo lake. Mbao ile haikuitaka gundi pia. Na kwenye mpini, bonde likarudi lilivyokuwa.

Mzee akalitazama. Akaingiza dole lake, likakaa.

"Aa," akasema. "Kumbe kweli ni yangu."

Yaliyobaki ni mafupi: tapentaini, sabuni, vicheko, mteja mmoja kaondoka bila kuagiza mlango. Vanishi yote nimeikwangua. Mzee hataki kuichukua randa mpaka iache kumeta, anasema inamchoma macho, kwa hiyo nimeamriwa niitumie mimi kwenye kila kazi chafu mpaka ifubae. Mpini haunikai hata kidogo, kidole changu kinakunjika.

Na wewe uliyeweka muziki kwenye ile video, sehemu ya kwenda kulia na kushoto, tutaonana.

Jana nilimpelekea mzee ubao nilioulainisha kwa randa hiyohiyo. Akaupapasa, akaugeuza, dole likasimama. Nikabaki namwangalia usoni.