Kumbe mie tajiri bwana

Jamani huku Uingereza hata umaskini unapimwa. Mwenye nyumba kanipa notisi nihame, ukuta umejaa ukungu mpaka shuka zinanuka, nikaambiwa wee usihangaike, kesi ya kutolewa kwenye nyumba serikali inakulipia wakili kama huna uwezo. Nikasema hiyo ya kutokuwa na uwezo mbona ndio fani yangu, nabeba boksi usiku kucha nani ataniuliza.

Wakaniuliza.

Kipato kabla ya makato kisizidi pauni 2,657 kwa mwezi, sawa, hiyo hata ningetaka kuivuka nisingeweza. Wakishatoa matumizi wanayoyakubali ibaki isiyozidi 733. Sasa kwenye hayo matumizi ndio kuna vituko, eti wewe ni singo huna mtoto, kodi ya nyumba tunaitambua mpaka pauni 545 tu. 545! Chumba gani hicho London hii, labda ulale juu ya friji la mtu. Kinachozidi hapo kwenye makaratasi yao bado ni hela yangu, wakati mwenye nyumba alishaila zamani.

Halafu ikaja mali. Akiba na mali zote zisizidi 8,000. Kochi halihesabiwi, nguo hazihesabiwi, vifaa vya kazi havihesabiwi, yaani kila kitu ninachokigusa hakihesabiwi, nikashusha pumzi. Kumbe vinavyohesabiwa ni vile nisivyovigusa. Hela unayodai watu andika, ni mali yako. Nikamwambia yule dada wa kwa wakili, dada hiyo hela yuko nayo binamu yangu tangu 2019 na nikimpigia simu mtoto anapokea anasema baba anaoga. Akasema andika tu.

Stetimenti za benki za miezi mitatu nazo zikaniumbua, maana mie ndio kijumbe wa mchezo wetu wa kuchangishana hela kwa zamu, hela za watu zinaingia Jumamosi Jumapili zishatoka, ukizitazama haraka utadhani nauza madini. Nikaanza kumweleza mzunguko, nani anapokea mwezi huu nani mwezi ujao, dada wa watu akavua miwani.

Swali la mwisho, una ardhi au nyumba nje ya nchi? Hapo ningenyamaza ila kudanganya kwenye hizi fomu ni kosa la jinai na mie kesi moja yanitosha. Nikataja kiwanja cha Chanika huko Dar es Salaam, hakina hati, hakina barabara, mpaka wake ni mnazi ambao jirani kashaukata. Akasema haya, leta thamani yake kwa maandishi.

Nikampigia mjomba maana ndiye anayekiangalia. Shikamoo mjomba, naomba uende serikali ya mtaa waniandikie kile kiwanja kina thamani gani, kuna wazungu huku wanataka kujua. Hilo neno wazungu nilitoa la nini! Mjomba sauti ikabadilika akaniambia anko tulia, hili niachie mie.

Leo asubuhi naamka nakuta voisi ya wasapu. Mjomba kashakaa na dalali, wamekubaliana nisishuke chini ya shilingi milioni 60, na barua ishagongwa muhuri.