Waliosema Fungua, Waliosema Funga

Agosti 2017, baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya, rafiki yangu mmoja wa Mikindani, Mombasa, mfuasi wa Jubilee, chama cha Rais Uhuru Kenyatta, tangu kilipozaliwa, aliniambia dukani kwangu kwamba anayedai sava ya Tume ya Uchaguzi, kompyuta kuu inayopokea matokeo, ifunguliwe ikaguliwe ni mtu asiyekubali kushindwa. Agosti 2022, Jubilee yake ikiwa ndani ya Azimio, muungano wa Raila Odinga, alisimama pale pale kwenye kaunta akaniambia kwamba anayekataa sava isifunguliwe ana jambo analolificha. Mara zote mbili alisema kwa dhati. Nilimtazama usoni na sikuona hila yoyote.

Wala hakuwa peke yake. Jirani yangu anayeuza vipuri vya pikipiki ng'ambo ya barabara alikuwa NASA, muungano wa Raila, mwaka 2017, akawa UDA, chama cha William Ruto, mwaka 2022, na yeye alipita njia hiyo hiyo akitokea upande wa pili. Walipishana katikati bila kusalimiana.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa miaka sasa, kwa sababu nimeliona pia katika kazi yangu. Mimi ni fundi wa kompyuta. Watu wanaofanya kazi hii huchagua mfumo wa kuendesha kompyuta, Windows, Linux au Mac, jinsi watu wengine wanavyochagua chama, na wakishachagua hawaulizi tena. Nami nilikuwa na chama changu. Kwa miaka mingi niliwaambia wateja kwamba Linux haiingiliki, kwamba msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa ulimwengu mzima, na kitu kinachotazamwa na watu wengi hakiwezi kufichwa ubaya. Niliwaambia hivyo wamiliki wa sibakafe, walimu, hata mzee mmoja aliyekuja tu kutengenezewa kibodi.

Kisha likaja suala la xz.

Xz ni programu ndogo ya kubana mafaili. Huwezi kuiona ukitumia kompyuta, lakini iko karibu kila mahali Linux ilipo. Ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea, na nguvu zilikuwa zikimwishia. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan. Akarekebisha kasoro, akajibu barua, akasaidia kwa upole, mwaka wa kwanza na wa pili, hadi akaaminiwa na kupewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mapema mwaka 2024 yakatoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake mlikuwa na mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia kwenye sava nyingi mno duniani. Sehemu ya ujanja huo ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, mahali ambapo hakuna anayesoma.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaendelea na kazi. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye shina, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Mwajiri wake alikuwa Microsoft.

Siku ile nilisoma maelezo yake mara tatu. Kilichoniuma ni kwamba msimbo ulikuwa wazi kweli, kama nilivyokuwa nikihubiri, na bado ulipita. Uwazi ulikuwa mlango tu. Ilibidi mtu aingie atazame, na mtu huyo alikula mshahara wa kambi niliyokuwa nikiisema vibaya. Tangu hapo sijamwambia mteja yeyote kwamba mfumo fulani hauingiliki.

Upande wa Windows una kidonda chake. Mei 12, 2017 programu ya kudai fidia iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza, ilhali kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi. Tundu lenyewe lilijulikana kwa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ambalo lilikuwa limetengeneza silaha ya kulipenya. Silaha hiyo ikaibwa na kumwagwa hadharani. Hapa kwetu nilikuwa nikiletewa mashine zenye Windows ya kunakili, ambazo wenyewe wamezima masasisho: ama wanaogopa Windows itagundua kwamba haina leseni, ama wanaokoa bando. Ukinunua bando ya siku na mashine ikaimeza yote kwa sasisho moja, utalizima tu. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo, lakini usalama wa kompyuta katika nchi zetu unaanzia hapo, kwenye bei ya bando, na sijasikia mwanasiasa wa mrengo wowote akiliweka jambo hilo kwenye jukwaa.

Wa Apple nao wakumbuke mwaka 2016, Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu katika Falme za Kiarabu, alipotumiwa ujumbe wenye kiungo cha kuchungulia iPhone yake. Hakubonyeza. Aliupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab huko Toronto, na Apple ikalazimika kutoa sasisho la haraka kwa simu zake zote duniani.

Basi nirudi kwenye sava.

Mwaka 2006 Ronald Rivest, mmoja wa watu watatu walioipa RSA, mbinu ya kuficha siri kwenye kompyuta, jina lake, na mwenzake John Wack, waliandika wazo ambalo ningependa kila wakala wa chama Kenya alijue. Walisema mfumo wa kupigia kura uwe wa namna ambayo kasoro au mchezo usioonekana ndani ya programu hauwezi kuyageuza matokeo bila kugundulika. Hawakudai programu iwe kamilifu. Walidai ikikosea, tujue. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 86, inaelekea huko huko: mfumo uwe rahisi, sahihi, wa kuthibitishika, salama, wenye uwajibikaji na uwazi.

Sisi tumejifunza hili kwa machungu, uchaguzi baada ya uchaguzi. Machi 2013 runinga zilikuwa zikionyesha kura zilizokataliwa zinapanda, zinapanda, hadi zikapita 300,000. Baadaye Tume ikaeleza kwamba kosa katika programu lilikuwa likizizidisha kwa 8. Nililitambua mara moja kosa la namna ile, kwa sababu nami nimewahi kuandika msimbo unaohesabu kitu kimoja mara kadhaa. Lakini nchi nzima ilikuwa imekesha ikitazama tarakimu zile, na aliyekuwa tayari kuamini wizi hakuhitaji maelezo ya fundi. Kilichotuokoa ni kwamba karatasi zilikuwapo. Kosa la kompyuta lilionekana kwa kuwa kulikuwa na kitu nje ya kompyuta cha kulipimia.

Mwaka 2017 ulikuwa mzito zaidi. Kabla hata kura haijapigwa, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa Tume, aliuawa. Alikuwa amejitokeza kwenye televisheni akiwaeleza wananchi jinsi mfumo utakavyofanya kazi. Mwili wake ulipatikana zikiwa zimebaki siku chache tu, na sijasikia mpaka leo aliyehukumiwa kwa damu ile. Mimi huyataja mauaji yale kila ninapozungumzia usalama wa programu, maana tunapenda kuongea juu ya nywila na ukuta wa moto tukamsahau binadamu anayeijua mashine. Ukiilinda kompyuta ukamwacha fundi, hujalinda kitu.

Uchaguzi ukafanyika Agosti 8, mshindi akatangazwa huku maelfu ya Fomu 34A, fomu za matokeo za kila kituo, hayajamfikia mwananchi. Upinzani ukaenda Mahakama ya Upeo. Mahakama ikaamuru Tume itoe nafasi ya kutazama sava na kumbukumbu zake, na Tume haikutii kikamilifu. Septemba 1, majaji 4 dhidi ya 2 wakaufuta uchaguzi wa rais. Hoja yao kuhusu sava ilikuwa ya kawaida kabisa, hata fundi anaielewa: ukiambiwa uonyeshe na ukakataa, umeniachia niamini kwamba mfumo uliingiliwa, au nyinyi wenyewe mliuchezea, au mliboronga na hamtaki kukiri.

Niliona hukumu ile ni ya haki, na nilibishana na rafiki yangu wa Mikindani mpaka usiku. Kukataa kufungua kulikuwa kosa, awe ameshinda nani.

Ikaja 2022. Safari hii Tume iliweka picha za Fomu 34A za karibu vituo vyote 46,229 kwenye tovuti, mtu yeyote apakue. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa zaidi la usalama wa kompyuta kuwahi kufanywa na taasisi ya umma nchini, na halikuhitaji mashine ya ajabu. Hesabu hufanyikia kituoni, mbele ya mawakala, fomu hubandikwa mlangoni, picha yake huenda mtandaoni. Hata sava ikiwa na shetani ndani yake, picha ya mlangoni iko kwenye simu za watu. Rivest na Wack wangefurahi.

Tulikaa dukani siku zile, watu watano, wa mirengo yote, tukapakua fomu za vituo tunavyovijua. Rafiki yangu alitafuta ya kituo chake mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameisoma mlangoni na kuzikariri tarakimu. Zililingana. Tukakagua na za vituo vingine 8, zikalingana na picha tulizotumiwa na jamaa zetu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hapa sawa, fundi. Shida iko kwingine."

Neno hilo nalikumbuka kuliko hukumu yoyote. Mtu alikuwa na ushahidi mkononi, ameupima mwenyewe, ila haukumfikisha alikotaka kwenda, akauweka kando. Septemba 5 Mahakama ya Upeo ilisema kwa kauli moja kwamba fomu za tovuti na za karatasi zilizokaguliwa zinafanana, na kwamba baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa kuthibitisha udukuzi zilikuwa za 2017 au zilikuwa za kughushi. Kumbukumbu za kughushi mbele ya mahakama ya juu kabisa! Aliyefanya hivyo alitegemea jambo moja: kwamba waliovaa sare yake hawatazisoma. Machi 2023 watu walikuwa barabarani wakidai sava zifunguliwe.

Wala wa upande wa ushindi wasijipake mafuta. Mahakama hiyo hiyo ilipendekeza kwamba wakati wa uchaguzi sava za fomu zifikiwe na wafanyakazi wa Tume tu isipokuwa panapo ulazima, na kwamba sava za uchaguzi zitengwe na za kazi za ofisini. Haya ni mambo ambayo fundi yeyote wa mtandao angeyafanya siku ya kwanza. Nimewauliza wafuasi wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto ulioshinda, ninaowajua yameishia wapi. Wengi hawajui kama yaliwahi kusemwa. Walisikia "ameshinda" wakazima redio.

Ninachokitaka mimi si kikubwa. Msimbo wa mashine za uchaguzi ukaguliwe miezi kadhaa kabla ya kura, na wanaoukagua wawe watu wasiopendana, kila mrengo ulete mafundi wake. Kampuni ya kigeni inayosema msimbo wake ni siri ya biashara ipeleke biashara yake kwingine. Siri ya namna kura zangu zinavyosafirishwa haiwezi kuwa mali yake. Na baada ya kuhesabu, kabla hata ya kesi, masanduku machache yachaguliwe kwa bahati nasibu yafunguliwe yahesabiwe upya. Jimbo la Colorado, Marekani, limekuwa likifanya ukaguzi unaofanana na huo tangu 2017: wanakusanyika hadharani wanarusha dadu za pande 10, mara 20, na tarakimu zinazotoka ndizo zinazoamua ni kura zipi zikaguliwe. Hakuna mwanasiasa awezaye kuihonga dadu iliyorushwa mbele ya watu wote.

Najua nitaulizwa kama ukaguzi utamshawishi mtu kama rafiki yangu. Jimbo la Georgia, Marekani, walihesabu kwa mkono kura karibu milioni 5 mwaka 2020 na wengi hawakuamini. Hilo linanihuzunisha, lakini halinibadilishi nia. Freund hakuhakikishiwa kwamba nusu sekunde yake ina maana yoyote. Alitazama tu, kwenye mfumo alioutumia mwenyewe.

Oktoba 2025 msaada wa Windows 10 ulipokwisha, rafiki yangu aliniletea laptopu yake. Haiwezi kubeba Windows 11. Nikamwekea Linux, na nikamweleza hatari zake nayo: asasishe kila wiki, asipakue programu ovyo, asiniamini mimi kwa sababu tu ni rafiki yake. Akacheka akasema siku hizi nimebadilika. Tukaongea habari za marehemu Raila, tukaongea habari za nani yuko na nani sasa, maana mirengo imechanganyikana tena na yeye mwenyewe hajui atakuwa wapi.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Nimemwomba jioni ile twende kituoni pamoja, tuipige picha fomu ya mlangoni, yeye kwa simu yake na mimi kwa yangu, kabla ya kujua nchi imekwenda kwa nani. Amekubali.