Buloko tunaiogopa, karatasi ya tribinali tunaitia chini ya godoro

Hapa Lubumbashi, mwenye deni akisikia neno tribinali, yaani mahakama, anawaza kwanza buloko, yaani jela. Wakopeshaji wanajua hivyo, hasa wale wa bank lambert, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Ndiyo maana wengi hawaanzii kwa jaji. Wanakimbilia kwa OPJ, afisa wa polisi anayepeleleza makosa, na kusema "amenitapeli". Lakini kushindwa kulipa mkopo si kosa la jinai. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kongo imeukubali, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Nayo Katiba, kifungu cha 18, haimruhusu polisi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Cheki isiyo na pesa na utapeli wa kweli ni kesi nyingine.

Kwa maoni yangu, usiku mmoja kwa polisi hauumizi kama karatasi mtu anayotia sahihi ili atoke. "Nakubali kwamba nadaiwa dola 1,800." Kumbe alikopa 1,000, nyingine ni riba, na 300 alizokwisha kulipa hazionekani popote. Kifungu cha 21 cha kanuni ya mwenendo wa kesi za madai, ya 1960, kinasema deni likiwa limekubaliwa hivyo, jaji anaamuru hukumu itekelezwe mara moja, hata ukikata rufaa. Basi rufaa yako inasubiri huku friji inatoka mlangoni. Ukilazimika kuandika, andika mkopo peke yake, riba peke yake, na kilicholipwa peke yake. Nakala moja ubaki nayo.

Halafu kuna wanaoitwa na wasiende. Huissier, mjumbe wa tribinali, analeta karatasi mtaani Katuba, mtoto anaipokea, inaishia chini ya godoro. Jaji anahukumu bila wewe, na kila alichodai mkopeshaji kinapita bila mtu wa kukipinga. Hukumu ya namna hiyo inapingwa ndani ya siku 15 tangu ukabidhiwe mwenyewe mkononi. Rufaa ni siku 30. Basi kitu cha kwanza, kabla hata ya kusoma, andika juu ya karatasi tarehe uliyoipata na nani aliipokea. Ikiwa ni amri ya kulipa ya OHADA (sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo), ile jaji anayoitoa bila kukusikiliza, siku ni chache zaidi. Zimeandikwa humo ndani, zitafute siku hiyohiyo.

Hukumu ikishakomaa, huissier analeta kwanza onyo la kulipa ndani ya siku 8. Zikipita, anarudi kuorodhesha vitu: televizheni, kongeleta (friza), pikipiki. Kitanda na nguo za familia havichukuliwi. Vilivyoandikwa vinabaki kwako kwa ulinzi, na hapo ndipo wengi wanapojiharibia. Wanahamisha pikipiki usiku kwa shemeji. Kuficha mali iliyokamatwa ni kosa la jinai, kwa hiyo deni ambalo lisingekufikisha buloko sasa linakufikisha.

Njia nzuri zaidi haijulikani sana: sheria ya OHADA inakupa mwezi mmoja kuuza vitu hivyo mwenyewe. Tafuta mnunuzi, mwandikie huissier jina lake, bei, na siku atakayolipa. Pesa inaenda kwa mkopeshaji, si mfukoni mwako. Kongeleta ukiiuza mwenyewe kwa mtu wa soko la Kenya, ile kata ya hapa mjini, inakupa bei bora kuliko mnada, ambako wanunuzi wanakuja kutafuta cha bure.

Kwa anayelipwa mshahara, mwajiri hawezi kukabidhi wote. Sheria ya kazi inaruhusu kukata moja ya tano ya sehemu ya chini ya mshahara, na theluthi ya kinachozidi kiwango kilichowekwa. Deni la matunzo ya watoto lina hesabu yake, kali zaidi.

Jaji anaweza pia kugawa malipo, mwisho mwaka mmoja, isipokuwa kwa matunzo na hati za biashara kama traiti. Ombi liwe kwa maandishi, pamoja na hati ya mshahara au daftari la mauzo, na kiasi unachoweza kweli kila mwezi. Ukiahidi dola 200 ukaleta 40, umemchokoza jaji bure.

Kila malipo yachukuliwe risiti yenye namba ya kesi, ile inayoanza na RC. Deni likiisha, omba huissier aandike kwamba vitu vimeachiliwa.