Setilaiti ndogo za rada kuruka pamoja: bei imeshuka, hesabu bado ngumu

Siku hizi unasikia sana kwamba setilaiti kubwa za rada zimepitwa na wakati, turushe ndogo nyingi ziende pamoja, ramani za milima na mabonde zitatoka kwa bei ya chini. Mimi nakubali nusu tu.

Rada ikitaka kujua urefu wa ardhi lazima ione sehemu moja toka pembe mbili, kama macho yetu, kisha mawimbi yanayorudi yalinganishwe. Setilaiti moja inaweza kurudi siku nyingine ikapiga tena, lakini hapo katikati majani yashatikisika, mvua imenyesha, unyevu wa hewa umebadilika, basi mawimbi hayalingani. Ndo maana Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilibeba antena ya pili kwenye mlingoti wa mita 60, kikapima karibu asilimia 80 ya nchi kavu kwa siku 11. Wajerumani nao wakarusha TerraSAR-X 2007 na TanDEM-X 2010, zikawa zinaruka zimeachana mita mia chache tu.

Hizo kila moja ina zaidi ya tani 1, wakati kampuni ya ICEYE ya Finland 2018 ilionyesha rada inakaa kwenye setilaiti isiyofika kilo 100. Na ukiwa na kadhaa unapata faida kubwa kweli: zilizo karibukaribu zinakuepusha kukosea kuhesabu mizunguko ya wimbi, zilizo mbali zinakupa usahihi, yote kwa mpito mmoja.

Ila sasa kwenye usahihi ndo kwenye kazi. Kwa mpangilio kama ule wa Wajerumani, ukikosea milimita 1 tu kwenye umbali kati ya setilaiti mbili, mlima unaweza kupanda au kushuka kama mita 1 kwenye ramani, na zinakimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Saa zao nazo lazima zikubaliane muda wote. Udogo hausaidii hapo, tena betri ndogo inakubana dakika za kurusha mawimbi.

Kwangu mimi njia nzuri ni ile ya Hongtu-1, kundi la setilaiti nne la China, 2023, moja kubwa katikati inarusha, tatu pembeni zinapokea. Hatari ipo, ile ya katikati ikifa zote zinabaki bila wimbi la kusikiliza, lakini umeme mwingi unahitajika sehemu moja tu.

Misitu ndo bado inanisumbua, maana wimbi fupi la sentimita 3 linaishia juu ya miti, wewe unadhani umepima ardhi kumbe umepima majani. Wimbi refu la sentimita 24 hupenya zaidi ila linataka antena kubwa, kwa hiyo jangwani na kwenye miamba, hizi setilaiti ndogo zipelekwe hata sasa, msituni nisingezitegemea peke yake.