"Itakaa sawa ikipigwa polishi"

Jamani hawa mafundi rangi wa Arusha watatuua na presha. Gari limepigwa rangi zima, hela imeisha yote, nalitoa juani boneti ina vipele kama ganda la chungwa, mlango wa kushoto na fenda rangi haziendani kabisa, na raba za vioo wamezipulizia humohumo, hata kuziba na gazeti wameona kazi! Namuuliza fundi ananijibu "bosi hilo vumbi tu, tukipiga polishi itakaa sawa". Vumbi lililogandia chini ya klia (lile tabaka la juu la kung'aa) polishi italitoaje? Si ndo mnapulizia nje uwanjani upepo unapiga, halafu msasa wenyewe mnapitisha juujuu.

Basi nikalipeleka Njiro kwa fundi mwingine asiyejuana na huyo, ana kile kimashine cha kupima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi inacheza maikroni (elfu moja ni milimita moja) 100 mpaka 150 hivi, mlango wangu umesoma zaidi ya 900, yaani puti tupu, ile ya kuziba mabonde (na waliniambia eti walinyoosha bati!). Kaniandikia kila kitu na picha juu. Sasa yule wa kwanza anadai eti kimashine kibovu, na simu hapokei tena. Akwangue aanze upya au anirudishie hela, polishi sitaki hata kuisikia.